Kopo la Vichongeo

Jumapili, 2 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Hujambo nitakuuliza mwishoni, kama hamu itakuwa bado ipo. Kwanza nijibu hili: kopo liko wapi?

Leo ni siku yangu ya kupumzika. Nimelala mpaka saa mbili, nikaamka nikasema ngoja nifute vumbi juu ya kabati. Natoa blanketi, natoa sanduku la vyombo vya marehemu mama, nafika pale pembeni ambapo kopo la biskuti limekaa tangu tukiwa watoto, naona duara. Duara safi katikati ya vumbi. Na katikati ya duara, kile kichongeo changu cha penseli chenye umbo la pasi, umekisimamisha peke yake.

Vichongeo arobaini na moja, Kitinda. Umebeba arobaini ukaniachia kimoja. Nilikaa juu ya stuli nikakitazama mpaka chai ikapoa. Ningekuwa sikujui ningesema tumeingiliwa na mwizi mwenye huruma.

Ulipokuwa unaondoka kwenda kuanza hiyo kazi ya kutunza nyaraka za kale nilikukunjia nguo kwa mikono yangu, moja baada ya nyingine. Kopo ulilipitishia wapi? Kwenye mfuko wa viatu? Ndiyo maana ulinikumbatia mara tatu pale kituoni. Mimi nikadhani ni uchungu wa kuachana.

Tena uliahidi barua kila wiki, ukasema kwenye simu tutaishia "uko poa, niko poa". Wiki tatu sasa, nimepata barua moja ya mistari sita. Jibu.

Hujambo lakini? Unakula?

Dada yako

*

Alhamisi, 6 Februari

Dada,

Nimekosa. Ni mimi, na ndiyo, lilikuwa kwenye mfuko wa viatu. Hicho cha pasi nimekuachia kwa sababu baba alikupa wewe mkononi. Vingine vyote ni vyetu sote. Ningekuomba ungekataa, na unajua ungekataa.

Acha nikueleze. Hapa wino ni marufuku. Mlinzi wa mlangoni anakusanya kalamu zetu kila asubuhi kama anakusanya visu, maana tone moja likiangukia karatasi ya miaka mia hakuna wa kulitoa. Tunaandika kwa penseli kutwa nzima, namba za majalada na lebo za maboksi. Tuko watu tisa, na kichongeo ni kimoja tu, cha ukutani, cha kuzungusha kwa mkono. Kimezeeka. Ukikipa penseli nzima kinakurudishia nusu.

Wiki mbili za kwanza hakuna aliyenisemesha ila "samahani, naomba kupita". Saa ya chakula wanasogeza viti pamoja, mimi nakula nikisoma karatasi ya chupa ya maji. Madini yote yaliyomo kwenye yale maji nayajua kwa kichwa. Usicheke. Nililia chooni mara mbili, sikukuandikia kwa sababu ungepanda basi siku hiyohiyo uje uwagombeze.

Wiki ya tatu nikavipanga vichongeo mezani. Redio, basi, kiatu, kobe, runinga, dunia inayozunguka. Kabla ya saa nne mzee mmoja, yule anayepanda ngazi kushusha majalada ya juu, akasimama mbele yangu. "Kobe huyu anachonga kweli, au ni pambo?" Nikamwambia jaribu.

Jana nilikula na watu watano.

Kitinda

*

Jumanne, 11 Februari

Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. "Nikamwambia jaribu." Umeliandika hilo kwa raha zako.

Miaka ishirini na saba tumeshika sheria moja: havichongi. Vinatazamwa, vinafutwa vumbi, vinapangwa, vinarudi kwenye kopo. Hata mama alipotaka penseli yenye ncha alikuwa anachukua kisu. Leo mzee wa ngazi, ambaye hata hamjui baba yetu, anamchomeka kobe penseli ya ofisi mdomoni.

Nieleze vizuri nani kachonga na kipi. Usirukeruke. Na huyo unayekaa naye karibu ni nani? Katika hao watano lazima yuko mmoja. Nakujua, wewe hujawahi kupenda watu watano kwa mpigo.

Hapa hakuna jipya. Mashine ya kukanda unga pale bekari iliharibika, tukakanda kwa mikono siku mbili, mabega yananiwaka moto. Mwenzangu wa zamu alitaka kunipa dawa ya kuchua, nikamwambia ninayo. Sikuwa nayo. Ni ile tabia yangu tu.

Dada

*

Jumatatu, 17 Februari

Dada,

Haya, sirukiruki. Mzee wa Ngazi hataki kingine ila kobe, anasema wanalingana mwendo. Kuna mama tunamwita Miwani Mbili, kwa sababu ana ya machoni na nyingine kichwani anayoitafuta kila siku. Yeye kashika redio, na kila akichonga anatusomea taarifa ya habari ya uongo, leo alitangaza kwamba Mkuu ametabasamu. Mkuu mwenyewe hacheki na mtu. Lakini Ijumaa alipita akachonga kwa kiatu, na baada ya dakika kumi akarudi na penseli ambayo ilikuwa na ncha tayari.

Na umepatia, yuko mmoja. Tunamwita Fundi Gundi. Ndiye anayeunga kurasa zilizochanika, kwa karatasi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu na gundi ya unga wa ngano anayoipika mwenyewe kwenye kisufuria. Ungempenda, Dada. Umri wake ni kama wako. Ana mikono ya taratibu. Nilimwambia vumbi la majalada linanipasua vidole, kesho yake akaniletea mafuta. Yeye kichongeo chake ni dunia. Anaizungusha kwanza, anaisimamisha kwa kidole, anauliza, "Leo yuko wapi?" Halafu ndiyo anachonga. Nilimfundisha mimi.

Jumamosi alinialika kwake, nikaenda. Jirani yake kuna chumba kitakuwa wazi, nimesema nitakichukua mkataba ukithibitishwa mwisho wa Machi. Bado niko kwenye majaribio, lakini dalili ni nzuri.

Usinune. Sijasahau alichosema baba. Kila penseli ikiingia ananijia, na inanichoma. Lakini navifuta vyote jioni kwa kitambaa, kimoja kimoja, kama zamani.

Kitinda

*

Ijumaa, 21 Februari

Kitinda,

Hongera kwa kupata dada mwingine. Tena huyu anapika gundi. Mimi napika mikate tu, watu wanakula inaisha.

"Ana mikono ya taratibu." Nilipofika hapo nikaitazama yangu. Ina makovu kumi na moja ya trei, nimeyahesabu. Ndiyo iliyokuosha, ikakusuka, ikakutoa msumari mguuni siku ile ya uwanja wa shule. Haikuwa ya taratibu kwa sababu ilikuwa na kazi nyingi.

Roho inaniuma na sioni haya kukwambia. Ile dunia tulikuwa tunaizungusha mimi na wewe, chini ya meza, kutafuta baba yuko wapi na lori lake. "Leo yuko wapi" ni letu. Hata mama hakuwa analijua. Umelichukua ukampa mtu wa wiki tano, naye analisema mbele ya Miwani Mbili, watu wanacheka.

Basi nikukumbushe, maana naona hewa ya huko inasahaulisha. Siku ya safari yake ya mwisho baba alisimama mlangoni akaniambia mimi: "Mwambie mdogo wako hivyo vitu visichonge. Vikichonga vitaharibika, na vikiharibika siwaletei vingine." Akaondoka, hakurudi. Hatuna maneno mengine ya mwisho kutoka kwake. Ni hayo. Na wewe unayachezea na watu.

Kama kwako hayana uzito, endelea. Waite wote waje wachonge.

Dada yako, kama nafasi bado ipo

*

Jumatano, 26 Februari

Dada,

Nimevirudisha vyote. Nimelifunga kopo kwa kamba, liko droo ya chini, ufunguo ninao shingoni.

Umesema kweli. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba nakosea, nikajitia hamnazo. Ukienda makaburini niombee radhi kwake.

Wameniuliza kulikoni. Nimewaambia havichongi.

Kitinda

*

Jumamosi, 8 Machi

Dada,

Kazi imenishinda. Wiki hii nimekosea namba za majalada mara tatu, Mkuu akaniuliza kama naumwa. Saa ya chakula nimerudi kwenye chupa yangu ya maji. Si kosa lao, wananiita, ila nikikaa nao naona kila mtu anaitazama ile droo, nami najiona mbaya kwao na mbaya kwa baba. Jana Fundi Gundi alikuja na penseli yake, akasimama kidogo mbele yangu, halafu akaenda kuchonga kwa kile cha ukutani. Kiliivunja katikati.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Nitampa Mkuu Jumatatu tarehe 24, na Jumamosi tarehe 29 nitapanda basi kuja nyumbani. Kopo nitakuja nalo.

Hapo kwenu bekari bado wanatafuta mtu wa kufunga mikate?

Kitinda

*

Jumatano, 12 Machi

Kitinda wangu wee!

Nimeruka humu jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Wanatafuta! Nimeshazungumza na msimamizi, unaanza Jumatatu tarehe 31. Zamu moja, meza moja, mimi natoa kwenye tanuri, wewe unafunga. Chumba chako nimekifagia, godoro nimelitoa juani. Juu ya kabati nimefuta vumbi lote, lile duara limefutika lakini najua mahali pake.

Hao watu wasikuumize kichwa. Walikuja kwa ajili ya vichongeo, vichongeo vimefungwa, umewaona? Mimi sijawahi kukupenda kwa ajili ya kichongeo.

Njoo. Nahesabu siku.

Dada yako wa kweli

*

Ijumaa, 14 Machi

Kwa Dada wa Kitinda,

Salaam. Hunijui, ingawa nahisi jina langu la utani umelisikia. Mimi ndiye ninayeunga karatasi, Fundi Gundi. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha mezani kwake, na kwa hilo unisamehe.

Mdogo wako amevifungia vichongeo na yeye mwenyewe amejifungia humohumo. Anakula peke yake. Mzee wetu wa ngazi alidhani tumemchosha kwa kuja kuchonga kila dakika, akanunua kichongeo cha kawaida, chekundu, akamwekea mezani kama zawadi. Mdogo wako akashukuru, akainuka kwenda chooni, aliporudi macho yalikuwa yamevimba. Sasa nasikia anaondoka.

Dada, sisi penseli tunaweza kuchonga hata kwa wembe. Pale mezani tulikuwa tunafuata masimulizi. Kila kichongeo kina kisa, na kila kisa wewe umo. Tunajua ulivyomkimbiza mbwa mtaa mzima mpaka akakitema kile cha kiatu. Tunajua ulivyoacha shule ili yeye amalize. Miwani Mbili akikuta mkate ulioungua chini huuliza kama umetoka kwako. Jumamosi aliyokuja mdogo wako kwangu alikaa kwa saa tatu, na saa mbili nzima alikuwa anakuzungumzia wewe. Mimi nilizaliwa peke yangu. Nikiri tu, nilikuonea wivu, na mafuta niliyompa yalikuwa na wivu huo ndani yake.

Ananiambia ni amri ya marehemu baba yenu, na amri ya marehemu mimi siigusi. Ila kazi yangu imenizoesha kurasa zenye kipande kilichopotea, kwa hiyo nakuuliza wewe uliyemsikia kwa masikio yako. Hakusema na kitu kingine? Hata kidogo, ambacho kingemruhusu huyu mtoto kubaki?

Wako, Fundi Gundi

*

Jumanne, 18 Machi

Kitinda,

Keti kwanza. Barua hii usiisome ukiwa umesimama.

Baba hakusema.

Siku ile mlangoni aliniambia bomba la uani linavuja, nilifunge. Basi. Akapanda lori, mimi nikaenda kufunga bomba.

Yale mengine niliyatunga mimi, siku nne baadaye. Ulikuwa na miaka saba, ulilibeba kopo ukaenda nalo shuleni. Mapumziko nikaja kukutafuta tule pamoja kama kila siku, nikakuta watoto wamekuzunguka mpaka huonekani, kila mmoja na penseli yake, na wewe katikati unagawa: wewe shika basi, wewe shika kobe. Nikakuita, hukusikia. Nikaita tena. Nikarudi nikakaa ukutani nikala chakula changu na chako. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na katika shule nzima rafiki yangu ulikuwa wewe tu.

Jioni nikakwambia baba kakataza. Nilipanga akirudi nikwambie amebadili mawazo. Siku ya tisa wakaja wale watu wawili kutuambia lori limepinduka. Wewe ukalia, ukatoa vichongeo vyote ukavifuta kwa gauni lako, ukasema, "Hatuchongi tena, baba." Nikakusikia. Ningeanzia wapi kusema? Nikanyamaza siku hiyo, na kesho yake, halafu ikawa miaka.

Mwezi uliopita nikausema tena uongo uleule, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, kwa sababu ya mwanamke mwenye kisufuria cha gundi. Na ulipoandika kwamba unarudi, nilijua vizuri kabisa ni nini kinachokurudisha, na bado nikaruka jikoni. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Barua ya kuacha kazi usimpe Mkuu. Hii yangu namkabidhi dereva wa basi la kesho asubuhi, siiamini posta kwa jambo hili. Msimamizi wa bekari nimemwambia huji.

Leo nilikipeleka kile cha pasi kazini nikajaribu kuchonga penseli ya kuandikia oda. Kiwembe chake kimekula kutu. Kimekaa miaka yote hiyo hakijachonga, na kimeozea humohumo. Kilitafuna mbao kikakwama. Hii penseli ninayoandikia nimeichonga kwa kisu cha mkate. Mwenzangu wa zamu, yule wa dawa ya kuchua, akauliza hicho kidude ni nini. Nikaanza kumsimulia, nikamsimulia mpaka trei mbili zikaungua. Miaka kumi na moja tunafanya kazi pamoja, hakuwa anajua kama nina mdogo.

Kichongeo nimekitia humu ndani ya bahasha. Mpe huyo Fundi Gundi wako, huenda atajua kutoa kutu. Ila akimaliza akirudishe. Wivu bado ninao, hauwezi kuisha kwa barua moja.

Radhi usiiombe makaburini. Wa kuiomba ni mimi, na ninaiomba kwako.

Dada

*

Jumapili, 11 Mei

Dada,

Ndani ya wiki hizi zaidi ya saba nimekuandikia barua nne. Zote nimezichana, na Fundi Gundi amekataa kuziunga.

Nina hasira na wewe. Uongo wa mtoto wa miaka kumi na moja ningeumeza. Lakini kuna kitu hukijui, sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa na miaka saba nikapiga hesabu yangu: nilichonga, baba hakurudi. Nimeishi na hesabu hiyo mpaka dereva wa basi aliponikabidhi bahasha yako. Miaka ishirini na saba niliamini ni mimi niliyemzuia baba yetu kurudi, na wewe tulikuwa tunalala kitanda kimoja, ungeweza kuniambia kuhusu bomba.

Hilo siwezi kulisamehe kwenye karatasi. Utakuja uniambie usoni.

Mkataba umethibitishwa. Kile chumba nimekichukua. Vichongeo viko mezani, Mzee wa Ngazi na kobe wake wameanza tena mwendo wao, na Mkuu amekuwa na penseli nyingi kuliko kazi.

Cha pasi kimepona. Fundi Gundi alikilaza kwenye mafuta siku tatu, akakisugua, akakinoa, akakirudisha siku hiyohiyo alipomaliza, kama ulivyoagiza. Alisema nikwambie kwamba hakukijaribu. Nimekiweka mbele ya vingine vyote. Kila anayenyoosha mkono namwambia hicho bado hakichongi, mwenyewe hajafika. Miwani Mbili ameshanuna mara mbili.

Basi la Jumamosi linaondoka huko saa mbili asubuhi. Njoo na penseli.

Kitinda